Mwanachuo wa Ngoma Tatu

Chuo cha Mwalimu Mikidadi kilijengwa mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingejenga hata banda la kuku. Upande wa kulia palikuwa na kiwanja cha wapagazi waliotoka Unyamwezi, na mpagazi aliyetembea miezi mitatu na pembe ya ndovu begani, akishaitua halali usingizi. Anapiga ngoma. Upande wa kushoto ilikuwa nyumba ya Bi Mwanvita, mkuu wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, katika mtaa wa pwani, ambaye wanawake wake walikusanyika uani kila siku baada ya adhuhuri kugonga pembe zao za nyati, harusi iwepo isiwepo. Na nyuma, ukuta kwa ukuta, alikaa Pazi mpiga zumari. Pazi alianza kujifunza zumari akiwa na umri wa miaka kumi, na kwa maoni ya majirani alikuwa bado anaanza.

Hizo zilikuwa enzi za liwali wa Sultani wa Unguja, Wadachi bado hawajatweka bendera yao Bagamoyo. Watu wa mji walimstahi Mwalimu Mikidadi kwa elimu yake, lakini zaidi walimstahi kwa subira. Kelele zote zile, na hajapata kwenda kwa liwali kushitaki hata siku moja! Alikaa juu ya mkeka wake, tasbihi mkononi, macho yameganda kwenye mdomo wa mwanafunzi anayesoma, kidole cha shahada kikigonga goti taratibu. Ole wako uzibe mdomo kwa kiganja wakati wa kusoma. Bakora ilikushukia hapo hapo. Wanafunzi walidhani ni mambo ya adabu tu. Siku moja mmoja wao alimgusa bega kwa nyuma akamwambia, "Mwalimu, nyoka," naye akajibu, "Marahaba." Wakasema huyu mtu yuko mbali sana na dunia.

Mwinshehe mwana wa Kitwana aliletwa kwenye chuo hiki kutoka Zinga akiwa na miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, ndevu zimekamilika, na ndiye mkubwa wa wanafunzi wote. Kule Zinga kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Alikaa juu ya dungu katikati ya shamba la mpunga toka alfajiri hadi magharibi, akigonga kipande cha ubao na kuimba wimbo wa kuwafukuza, wimbo wa maneno machache na usio na mwisho, kama ndege wenyewe. Aliuchukia wimbo ule. Aliuchukia mpaka akauota usingizini.

Mjini alikuta muziki wa kila namna, na hakuna hata mmoja uliohitaji ndege. Aliamshwa na zumari la Pazi. Alisugua ubao wake wa kuandikia kwa mwendo wa msondo wa wapagazi. Alitafuna muhogo wake wa mchana kwa mlio wa vugo, na kama Bi Mwanvita aliongeza kasi, Mwinshehe naye alipaliwa. Mwalimu alipoanza kumfundisha maulidi kwa moyo, mafungu matatu marefu ya Kiarabu, kila fungu liliingia kichwani na ngoma iliyokuwa ikilia wakati ule. La kwanza aliingia nalo Pazi. La pili liliingia na wapagazi. La tatu liliingia na vugo, na likakaa humo humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Hakuona ubaya wowote. Alipotaka kudurusu fungu la tatu alikwenda harusini. Mwaka mmoja alihudhuria harusi kumi na nne, akasimama karibu na wanawake wa vugo huku midomo ikimcheza, na mara mbili alilishwa pilau pamoja na wajomba wa bibi harusi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye ni nani. Kwa fungu la pili alifuata misafara. Wapagazi waliporudi bara walitoka mjini kwa ngoma, naye nyuma yao akisoma, na siku moja alifika nao mpaka kivuko cha mto Kingani kwa sababu fungu lilikuwa halijaisha. Kirangozi wa msafara akamuuliza kama na yeye anakwenda Unyamwezi. Mwinshehe akamwambia hapana, amebakiza mistari sita tu.

Basi ukaja ujumbe kutoka Saadani. Mwalimu wao alikuwa amefariki, na kitabu chao cha maulidi kilikuwa kimeliwa na mchwa, wakabakiza jalada. Wazee walitaka mtu wa kuwafundishia watoto, tena awe anayesoma maulidi yote kwa moyo, maana hawakuwa tayari kuwalisha mchwa kitabu kingine. Watakuja baada ya siku ishirini kumsikiliza mwanafunzi wa Mikidadi. Akisoma bila kosa wanamchukua. Nyumba ipo, na chuo kipo.

Kitwana baba yake naye alituma neno kutoka Zinga, na hakulizungusha. "Masika haya, ama nisikie unasoma Saadani, ama nikuone juu ya dungu." Mwinshehe alihesabu miaka yake ya chuoni kwa vidole. Saba ni miaka mingi ya kumaliza kwa kurudi kwenye ndege wale wale.

Mwalimu Mikidadi, kwa nia njema kabisa, akaona amchukue kijana Mbegani, kwa dada yake yeye Mwalimu, mahali pa utulivu, ili amsikilize kwanza wawili tu. Wakakaa barazani. Hakukuwa na ngoma, wala pembe, wala zumari. Kuku mmoja alikuwa akiparura, kisha naye akaenda zake.

"Soma," alisema Mwalimu, macho kwenye mdomo wake.

Mwinshehe akasoma bismillahi. Halafu akaisoma tena. Alipoisoma mara ya tatu aliona wazi kwamba nyuma yake hakuna kitu, kichwa kimekuwa cheupe kama ubao uliooshwa. Mwalimu alingoja, kidole kimesimama juu ya goti, halafu akampiga piga begani akasema amechoka, apumzike, siku zipo. Walirudi mjini. Walipofika nyumba za kwanza, zumari la Pazi likasikika kwa mbali, na hapo hapo fungu la kwanza lote likamtoka Mwinshehe mdomoni, bila kosa hata moja, mbele ya punda aliyekuwa amefungwa kwenye mnazi. Mwalimu alikuwa ametangulia hatua kumi na hakugeuka.

Ndipo Mwinshehe alipoelewa ugonjwa wake, na mgonjwa aliyeelewa ugonjwa wake hutafuta dawa. Kwanza alikwenda kwa Pazi.

"Kaka Pazi, siku ya wageni nipigie zumari lako la asubuhi. Lile lile, usilitengeneze."

"Hata pale ninapokosea?"

"Hapo hasa. Pale unapokosea ndipo lilipo jina la babu yake Mtume."

Pazi hakupata kuambiwa maneno mazuri kama hayo maishani mwake. Alikubali papo hapo. Ukuta wake ulikuwa na tundu la kutosha sikio, kwa hiyo wakapatana kwamba yeye ndiye atakayesikiliza. Mwinshehe akimaliza fungu la kwanza atakohoa mara moja. Pazi atanyamaza na kuwapungia wapagazi kilemba waanze msondo. Akimaliza la pili atakohoa mara mbili, na kilemba kitapungwa upande wa Bi Mwanvita. Wapagazi walikubali bila kuuliza sababu, kwani walikuwa wanapiga tu kwa vyovyote.

Bi Mwanvita yeye aliuliza.

"Shikamoo, Bi Mwanvita."

"Marahaba, mwanangu. Wataka vugo la nini, na harusi hakuna?"

Akamweleza yote, hata habari ya Mbegani. Yule mama akamtazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto mwenye kifaduro.

"Basi mwanangu, hatuwezi kupiga kwa kukaa kama mazoezi. Maulidi ya Mtume yanasomwa, nasi tumekalia makalio? Tutasimama. Tutavaa. Mlango wa ua tutaufungua wazi. Kwa heshima."

Mwinshehe alifurahi mpaka akambusu mkono. Na hapa ndipo mtu unapotamani kumshika masikio. Kila mtu Bagamoyo, hata punda wa mnazini, alijua kwamba vugo la kukaa ni mazoezi, lakini vugo la kusimama, limevaliwa, mlango wazi na harusi hakuna, huo ni uchokozi kwa mtaa wa juu, wapinzani wa mtaa wa pwani. Na mtaa ukichokozwa ni lazima ujibu kabla jua halijazama, ama unyamaze mwaka mzima na watoto wenu wachekwe kisimani. Mkuu wa vugo la mtaa wa juu alikuwa Bi Ashatu, na Bi Ashatu hakuwa mtu wa kunyamaza. Bi Mwanvita alijua hayo yote, lakini kichwani mwake lilikuwa limejaa neno heshima, na mwanachuo alikuwa amejaa furaha, hivyo hakuna aliyekwenda kumwambia Bi Ashatu neno.

Wageni wakafika, wazee watatu wa Saadani wakiongozwa na Mzee Ausi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na kifuko cha ugoro. Ilikuwa baada ya alasiri. Wakakaa kwenye mkeka, wakaletewa kahawa na halua. Mwalimu Mikidadi akakaa mbele ya mwanafunzi wake uso kwa uso. Mwinshehe akasikia zumari likianza nyuma ya ukuta, kwa makosa yake yote, na moyo ukamtulia.

Fungu la kwanza lilikwenda kama maji. Wazee waliangaliana. Akakohoa mara moja. Zumari likakatika, msondo ukaingia, na fungu la pili likaanza kumiminika. Alikwisha kufika katikati. Tayari aliiona nyumba yake ya Saadani, na mlango wake, na kamba ya kuanikia kanzu. Mzee Ausi, aliyependezwa mno, akafungua kifuko chake, akachukua ugoro, akavuta, akakohoa mara mbili.

Kikohozi cha mtu mkubwa hakirudishwi. Pazi kule nyuma akapunga kilemba. Mlango wa Bi Mwanvita ukafunguka, wanawake ishirini wakasimama na leso zao mpya, na vugo likalia kwa heshima yote waliyokuwa nayo. Wapagazi hawakuona sababu ya kuacha. Pazi alipoona mambo yameharibika aliamua kusaidia, akarudisha zumari. Haikupita hata nusu ya kikombe cha kahawa, ukasikika mlio kutoka mtaa wa juu, pembe zaidi, matari zaidi, na Bi Ashatu mbele akija na watu wake kujibu uchokozi. Msafara mmoja kutoka bara, uliokuwa ukingoja nje ya mji, uliposikia mapokezi makubwa kiasi hicho ulidhani ni yake, ukaingia ukipiga bunduki hewani. Punda wakalia. Wazee wawili wa Saadani wakaziba masikio, na Mzee Ausi akasogeza mdomo kwa mwenzake akampigia kelele, wala mwenzake hakumsikia.

Mwinshehe hakuthubutu kuacha. Mafungu matatu yalimjia kwa pamoja, yakasukumana mlangoni. Akatoa mstari wa zumari, akatoa wa msondo, akarudi kwenye zumari. Halafu, katikati ya vurugu ile, mtu mmoja wa Bi Ashatu aliyekosa pembe akaanza kugonga kipande cha ubao. Tak, tak, tak. Ulikuwa mlio ule ule aliougonga Mwinshehe juu ya dungu. Kanzu ilikuwa mwilini na ndevu kidevuni, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kwenda Zinga. "Ndege wee, nenda kwa jirani, mpunga wetu mbichi, wa jirani umeiva." Aliimba hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha tangu mwanzo tena, macho yameinama kwa unyenyekevu, kwa sababu mdomo ukisimama utaonekana umesimama. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimetua juu ya goti. Macho yake hayakuondoka.

Mwishowe Mwalimu akainua mikono, akaomba dua, nao wote wakaitikia amina kwa kuona tu. Nje Bi Mwanvita na Bi Ashatu walikuwa wameanza kuelezana, na kelele zikapungua kidogo kidogo.

Mzee Ausi akafuta jasho. "Mwalimu, mwanzo tumeusikia, na ni mzuri. Lakini fungu la tatu sisi hatukusikia kitu. Wewe umelisikia?"

"Nimemfuata neno kwa neno," alisema Mwalimu Mikidadi. "Hakuna hata moja lililonipita."

"Masikio gani haya," alisema Mzee Ausi taratibu, na wenzake wakatikisa vichwa. Neno la Mikidadi liliwatosha. Wakakubaliana kwamba mwanafunzi atakwenda Saadani mwanzo wa Mfungo Sita, mwezi wenyewe wa maulidi.

Wageni walipokwenda kupumzika, Mwinshehe alibaki ameinama. Mwalimu aliokota vikombe viwili vya kahawa, akavipanga, akakaa.

"Mpunga wa jirani umeiva kweli?"

Mwinshehe alidhani amesikia vibaya. Aliinua uso, akainama tena.

"Fungu la kwanza ulilisoma sawa," alisema Mwalimu. "La pili ulilitia ndani ya la kwanza. La tatu ulikuwa unafukuza ndege. Inua kichwa unaponijibu, mwanangu. Ukiinama sikuoni ukisema nini."

Ndipo miaka saba yote ikampitia Mwinshehe mbele ya macho: viganja vilivyokatazwa mdomoni, nyoka aliyejibiwa marahaba, punda wa mnazini, na nyumba iliyojengwa katikati ya ngoma tatu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitaka.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Mwaka wa tisa huu. Ilianza kidogo, halafu ikawa yote. Mtu gani atampeleka mwanawe kwa mwalimu kiziwi? Ningekula nini?" Alisema bila kulalamika. "Miaka tisa nakaa na watu, wote wanasikia na mimi nangoja midomo yao, nikiogopa nitaulizwa neno nilikose. Leo mji mzima ulikuwa kama mimi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua kinachosemwa." Akacheka, na macho yakamjaa machozi. "Ningekukatalia vipi siku kama hiyo?"

Mwinshehe alimshika miguu, akalia waziwazi kama mtoto.

"Lakini Saadani huendi kufukuza ndege," alisema Mwalimu. "Kesho Mbegani."

Walikaa Mbegani mpaka mwezi ukaandama, kwa yule dada, pamoja na yule kuku. Mwalimu alimziba Mwinshehe masikio kwa pamba na nta ya nyuki, akamkalisha mbele yake, akamfundisha upya kwa njia aliyojifunza mwenyewe, bila mtu wa kumwonyesha. Kidole kinagonga goti, na neno linakaa juu ya kidole. Siku za kwanza Mwinshehe alitaka kukimbia. Kimya kile kilimtisha kuliko bunduki za msafara. Siku ya sita fungu la kwanza lilisimama lenyewe, bila Pazi, hata jina la babu yake Mtume likakaa mahali pake. Mpaka mwisho wa wiki ya pili yalikuwa matatu.

Wakaenda Saadani pamoja. Mzee Ausi aliwapokea ufukweni, kando ya vichanja vya samaki, akiwa na furaha ya mtu mwenye jambo lake la siri.

"Tusije tukakuvunjia heshima," alimwambia Mwinshehe. "Tuliona Bagamoyo mnavyosoma maulidi. Sisi ni kijiji kidogo, lakini tumejitahidi."

Mwinshehe akageuka akaona. Palikuwa na ngoma nne. Palikuwa na zumari lililoazimwa mbali. Wanawake walisimama kwa mstari na pembe walizozipata, na waliokosa pembe walishika makasia na mbao. Kijana mmoja alikuwa na bunduki. Kwa ishara ya Mzee Ausi wote walianza kwa pamoja, kila mmoja na lake, kwa nguvu zao zote, wakimngoja asome.

Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa pamba na nta, akaziba masikio. Dunia ikaondoka. Akabaki yeye, na Mwalimu Mikidadi mbele yake juu ya mkeka, na kile kidole.

Alisoma fungu la kwanza. Alisoma la pili. Aliona makasia yakigongana na moshi wa bunduki ukipanda, na hakuna kilichomfikia. Fungu la tatu lilitoka neno baada ya neno, na kila neno alilikuta limekaa juu ya goti la Mwalimu likimsubiri. Alipofika mwisho kidole kilisimama. Mwalimu alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo bila kutoa sauti, taratibu, apate kusomwa, na Mwinshehe akausoma: Hakuna ndege hata mmoja.

Watu wa Saadani walipomwona mwalimu wao mpya analia, walijua ngoma zao zimemfika, wakaongeza nguvu.